Kabla hujaenda kupimwa jeshini, muulize mjomba wako

Mpwa wangu na mama yake walifika Musoma kwa basi la asubuhi kutoka Tarime. Kijana alikuwa na begi dogo mgongoni na raba zilizolika soli upande mmoja, maana tangu amalize kidato cha sita anakimbia kila alfajiri kwenye ile milima yetu. Akaamkia, "Shikamoo mjomba," akanywa maji glasi mbili mfululizo, kisha akasema lililomleta: "Nataka kuomba jeshi. Mama kaniambia nisipeleke fomu popote mpaka wewe unipime macho."

Dada yangu hakuwa amemwambia kwa nini. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mkoba mapajani, ananiangalia. Mimi nilijua kwa nini.

Hii ndiyo kazi yangu, kupima macho, na nimeifanya zaidi ya miaka 20. Kila nafasi za jeshi au za JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, zinapotangazwa, benchi la nje ya chumba changu hujaa vijana. Wachache huja mapema. Wengi huja wakiwa wameshakwenda, wameshapimwa, wameshaanguka, na wanauliza kama kuna dawa. Baadhi yao hawajui hata wameangukia kipimo gani. Hao ndio wanaonifanya niandike leo, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wao, ila mimi sikuwa na benchi la kwenda kukaa.

Ilikuwa mwaka 1997, nina miaka 20. Usaili ulikuwa wapi sitasema, haina maana tena. Mbio nilimaliza wa nne. Tukavuliwa mashati, tukakaguliwa meno, nyayo, mgongo, masikio, tukatolewa damu. Meza ya macho ilikuwa ya mwisho. Chati ya ukutani niliisoma mpaka mstari wa chini kabisa, jicho la kulia na la kushoto, bila kukwama. Daktari akaridhika, akachukua kitabu chembamba chenye kurasa za vidoti vya rangi, akafunua. Nikasema kumi na mbili. Akafunua. Tatu. Akafunua. Tano. Akafunua. Sabini. Akaniangalia kidogo, wala si kwa ubaya, akaandika kitu, akasema, "Kakae pale."

Pale palikuwa na wenzangu wanane. Jioni tukaambiwa tumeanguka vipimo, turudi makwetu.

Naomba msomaji unielewe hapa. Mimi sikujua kwamba nimekosea kitu. Ile tatu niliiona, imekaa pale kwenye ukurasa, wazi kama ilivyoandikwa. Ile sabini niliiona. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye gari la kurudi, nikajumlisha mwenyewe: mbio nimefaulu, meno mazima, chati nimesoma yote, kitabu nimesoma chote. Kilichobaki ni damu.

Mwaka 1997, kijana akiambiwa ameanguka vipimo na haambiwi kipimo gani, kijiji kizima kina jibu tayari. Baba alikuwa amechinja mbuzi wa kuniaga. Nilirudi baada ya siku nne na sanduku langu la bati, na kabla ya wiki kuisha jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akichota maji kisima kimoja na mama yangu, alikuwa ameshasema kisimani kwamba mtoto wa nyumba ile amekanyaga waya. Wakubwa mnaukumbuka msemo huo na maana yake: kwamba nina virusi vya UKIMWI. Mama alirudi na ndoo tupu siku hiyo. Hakutuambia kitu, dada ndiye aliyekuja kuniambia baadaye. Kulikuwa na binti ambaye wazee walikuwa wameanza kuzungumza habari zake na wazee wangu. Mazungumzo yakakoma hivihivi, hakuna aliyetoa sababu.

Na mimi mwenyewe niliamini. Miaka mitatu nilitembea nikijihesabia siku. Nilikohoa nikashtuka, nikapungua mkanda tundu moja nikashtuka. Mwaka 2000 ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda kupima, Mwanza, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikapewa karatasi. Sina kitu. Nilikaa kwenye ngazi za ile hospitali mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Lakini basi niliangukia nini? Jibu nilikuja kulipata Moshi, nilipokwenda kusomea upimaji wa macho. Mwalimu aliingia darasani na kitabu kilekile. Nilikijua kwa jalada tu, moyo ukaanza kwenda mbio. Akainua ukurasa mmoja, akauliza namba gani. Darasa likajibu kwa pamoja, sabini na nne. Mimi nilikuwa nimeshasema ishirini na moja, kwa sauti. Mwalimu akacheka kwa upole, akasema, "Leo tumepata wa kujifunzia." Nikatoka nje nikalia. Walidhani nimeaibika. Nililia kwa sababu ile miaka mitatu ilikuwa imepata jina.

Jina lake ni upofu wa rangi, ingawa si upofu. Naona rangi nyingi. Bluu naiona, njano naiona. Nyekundu na kijani ndizo zinazonichanganya, hasa zikiwa zimefifia au zimechanganyika na kahawia. Kama umewahi kuvuna kahawa utanielewa upesi. Kwetu Tarime kahawa huchumwa ile iliyoiva tu, nyekundu, na ile ya kijani unaiacha mtini. Watoto wote wa nyumbani waliinua macho wakaona nyekundu katikati ya majani. Mimi nilishika punje moja moja nikaibonyeza kwa kidole: ikibonyea imeiva, ikigoma bado. Kikapu changu kilijaa nusu ya vikapu vya wenzangu, na bado ndani zilikutwa mbichi. Nilichapwa kwa uvivu. Hakuna mtu aliyekuwa mkatili pale, hawakujua, nami sikujua kwamba wao wanaona kitu ambacho mimi sikioni.

Kitabu kile cha vidoti kilizaliwa jeshini, jambo ambalo vijana wengi wanaokiogopa hawalijui. Aliyekitengeneza ni daktari wa macho wa Japani, Shinobu Ishihara, aliyekuwa daktari wa jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi la nchi yake lilitaka njia ya haraka ya kupima macho ya makuruta, naye akachora kurasa za kwanza kwa mkono, kwa rangi za maji, akitumia herufi za Kijapani. Toleo lenye namba, ambalo watu wa nchi yoyote wangeweza kulitumia, lilitoka mwaka 1917. Karne imepita na ushee, na toleo kamili lenye kurasa 38 bado liko kwenye droo yangu.

Akili ya kitabu hiki ni kwamba vidoti vimetofautiana ukubwa na mwanga ovyoovyo, ili usiweze kuisoma namba kwa weusi na weupe. Kilichobaki cha kukuongoza ni rangi peke yake. Ukurasa wa kwanza, 12, huonekana kwa kila mtu. Huo umewekwa makusudi, aliyekosa huo ama hakuelewa maelekezo ama anadanganya. Baada ya hapo kuna kurasa ambazo jicho la kawaida husoma 8 na langu husoma 3, la kawaida 29 na langu 70. Na kuna kurasa chache za ajabu zaidi, nitazifikia.

Turudi kwa mpwa wangu.

Nilianza na chati, kama inavyopaswa. Mita 6 kutoka kiti mpaka ukutani, nimepima mwenyewe kwa futi na kupiga mstari wa rangi sakafuni. Chati hizi zilianza kwa daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862, na hesabu yake ni nyepesi kuliko inavyosikika. Ukiandikiwa 6/6, umeona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima huona kwa mita 6. Ukiandikiwa 6/18, ulichokiona ukiwa mita 6, mwenzako angekiona akiwa mita 18. Kwa kijana anayetegemewa kumtambua mtu ng'ambo ya bonde, tofauti hiyo ni kubwa.

Nikamwambia afunike jicho kwa kiganja. Akafunika kwa vidole. Nikamrekebisha, maana vidole vina mwanya, na jicho zima huchungulia hata mwenyewe asipotaka. Hapa ndipo vijana wengi wanapojigundua. Macho mawili hubebana. Nimewahi kumpima kijana wa miaka 21, mrefu, mwenye afya, aliyekuwa hajui kwamba jicho lake la kushoto haliioni hata herufi ya juu kabisa. Lilikuwa jicho zembe. Tangu utotoni ubongo ulilipuuza, likakosa kujifunza kuona, na dirisha la kulifundisha huwa ni utoto, zaidi kabla ya miaka saba au minane. Angefunikwa jicho zima akiwa darasa la kwanza, lile lingine lingefanya kazi. Hakuna aliyemfunika jicho darasa la kwanza. Alijua siku ya jeshi. Nikikumbuka alivyokuwa akibadilisha kiganja, kulia, kushoto, kulia tena, kana kwamba nimemwibia kitu mezani, roho inaniuma mpaka leo. Ewe mzazi unayesoma hapa, mfunike mwanao jicho moja leo jioni, umwulize kalenda ya ukutani inasema nini. Kisha la pili.

Mpwa wangu jicho la kulia alikuwa 6/6. La kushoto 6/9, na alikuwa amekunja uso. Nikampa kibao cheusi chenye tundu dogo, achungulie. Herufi zikasimama, akasoma mstari uliomshinda. Kibao hicho ni cha bei ndogo kuliko vyote chumbani mwangu na nakipenda kuliko vyote. Herufi ikisafika tunduni, tatizo ni la miwani. Isiposafika, tafuta ugonjwa: kovu kwenye kioo cha jicho, mtoto wa jicho, au shida nyuma kwenye retina. Yeye alihitaji lenzi ndogo sana, nusu nambari tu. Watu wanaokunja macho ili waone vizuri wanatengeneza tundu hilohilo kwa kope zao. Mpimaji anayejua kazi atakuambia fungua macho.

Kuna wanaokariri chati pia. Kila mwaka nawapata. Wanaisoma kwa mwendo wa shairi, na wakifika mahali nimeonyesha herufi ya katikati peke yake wanapotea. Siwachukii. Mtu aliyeuza mbuzi ili apate nauli ya kwenda kwenye usaili atajaribu kila kitu. Lakini chati ziko nyingi, na ile ya E inayogeuka juu, chini, kulia, kushoto haikaririki.

Nikamulika tochi. Weupe wa jicho ulikuwa safi, na mboni zilisinyaa sawasawa. Nikamfunika jicho moja na kulifunua nikitazama kama lile lingine linahama, ndiyo njia ya kukamata makengeza yaliyojificha. Nikamwambia aniangalie puani na kuhesabu vidole vyangu pembeni, juu, chini. Vyote sawa. Nikatazama ndani kwa kile kidude chenye taa. Sawa.

Hapa niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Usiende kupimwa na macho mekundu ukidhani watakuonea huruma kwa vumbi la njiani. Majeshi yana sababu ya zamani ya kuogopa macho mekundu. Wanajeshi waliopigana Misri wakati wa Napoleon walirudi Ulaya na ugonjwa wa macho wa kuambukiza, ukawapofusha wengi na kuenea kwa raia, na hospitali ya macho ya Moorfields pale London ilianzishwa mwaka 1805 kwa sababu ya janga hilo. Kwa hiyo kama macho yanawasha kila msimu, nenda katibiwe wiki nyingi kabla. Usikimbilie kwenye duka la dawa ukanunua matone yenye steroidi kwa sababu yalimsaidia rafiki yako. Yanaondoa wekundu kwa siku mbili, kweli, na ukiyatumia miezi bila kusimamiwa yanaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho. Nimewaona vijana wa miaka 19 wamepoteza sehemu ya uoni wao namna hiyo. Na wale wa asali, maji ya majani na maziwa ya mama, nawaomba kwa heshima zote: acheni.

Sasa kitabu.

Nilikisogeza kiti chake dirishani. Kitabu hiki kinataka mwanga wa mchana. Taa nyingi za ndani zina umanjano au ubuluu unaobadilisha kila kitu. Nikakishika sentimita 75 hivi kutoka usoni pake, ukurasa umesimama wima, sekunde tatu kila ukurasa. Dada akasogea nyuma ya mwanawe ili aone.

"Kumi na mbili."

Nikafunua.

"Tatu."

Nikamsikia dada akivuta pumzi. Yeye aliona nane.

Nikaendelea, maana kipimo hakikatizwi katikati. Tano. Sabini. Kila alichosema ndicho nilichokuwa nakiona mimi, na ndicho nilichosema mwaka 1997 mbele ya mtu mwingine. Nikafika kwenye zile kurasa za ajabu. Hizi zimepangwa kinyume: jicho la kawaida likitazama halioni namba yoyote, ni fujo ya vidoti tu, lakini wengi wenye macho kama yangu huona namba. Nikainua mmojawapo.

"Arobaini na tano," akasema mpwa wangu.

"Hapo hakuna kitu," akasema mama yake.

"Ipo, mama. Nne hii, na tano hii."

Dada akaniangalia. Nikamwambia ukweli, "Naiona, dada. Arobaini na tano."

Akatuangalia sisi wawili kwa zamu, mjomba na mpwa, tumekodolea macho kitu ambacho kwake hakipo. Akakaa. Baada ya muda akasema taratibu, "Kahawa. Na huyu huwa anaibonyeza."

Hii ndiyo sababu ya kichwa cha habari yangu. Maelekezo ya rangi nyekundu na kijani yamebebwa kwenye kromosomu inayoitwa X. Mwanamke anazo mbili, mwanamume anayo moja, na hiyo moja ameipata kwa mama yake, baba hampi mwanawe wa kiume X. Mama akiwa na X moja yenye kasoro na moja nzima, ile nzima humtosha, anaona rangi zote na wala hajui anabeba nini. Lakini kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu. Ndiyo maana tatizo hili huonekana sana kwa wanaume: kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama wanaume 8 katika 100, na mwanamke 1 katika 200. Kwa Waafrika waliopimwa, wanaume wenye hali hii huwa pungufu ya hapo, lakini wapo, na mimi ninao wawili watatu kila msimu wa usaili.

Kwa hiyo ukitaka kujua macho yako kuhusu rangi, kumtazama baba yako hakukusaidii. Mtazame kaka yake mama yako. Mtazame babu mzaa mama. Muulize mjomba kama alikuwa anachanganya embe bivu na bichi, kama alichapwa shambani, kama huwa anauliza watu soksi zake zinafanana. Sisi tunasema mjomba ana haki yake kwa mpwa. Macho nayo yanafuata njia hiyohiyo.

Mpwa wangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa nalisubiri kwa hofu. "Mjomba, kitabu unacho. Nifundishe. Nitakariri ukurasa kwa ukurasa."

Ningeweza. Jioni mbili zingetosha. Na kulikuwa na sauti ndani yangu, ya yule kijana wa sanduku la bati, iliyokuwa inasema mfundishe. Nikamweleza kwa nini sitafanya. Mwaka 1875, Novemba, treni mbili ziligongana Lagerlunda, Uswidi, wakafa watu 9. Daktari wa Uppsala, Frithiof Holmgren, alishuku kwamba kulikuwa na mtu aliyesoma vibaya taa za rangi, akaanza kuwapima wafanyakazi wa reli kwa nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, na akawapata waliokuwa hawatofautishi. Kuanzia hapo kazi nyingi za usalama zikaanza kupima rangi. Chombo cha majini usiku kina taa nyekundu kushoto na ya kijani kulia, na kwa hizo unajua kinakuja au kinakwenda. Fataki ya ishara ina rangi. Nyaya zina rangi. Kwenye ramani, mistari ya miinuko ni ya kahawia, misitu ni ya kijani, na kwangu mimi mistari hiyo ikipita msituni inamezwa. "Ukikariri," nikamwambia, "watakupa kazi wakiamini unaona. Na nyuma yako watakuwepo wenzako wanaotembea kwa kukuamini."

Akauliza kama kuna dawa. Hakuna. Hapo ndipo dada alipotoa kichupa kwenye mkoba. Alikuwa amekinunua kwa mtu mmoja stendi, shilingi 40,000, ya kusafisha rangi machoni. Alikuwa na wasiwasi miaka yote, akanunua kimya kimya. Nikakifungua, nikanusa, nikakiweka kwenye kabati langu na sijakirudisha. Zipo lenzi na miwani za rangi zinazobadilisha namna rangi zinavyotofautiana, na baadhi ya watu huzifurahia, lakini haziponyi, na kwenye kipimo huruhusiwi kuvaa kioo cha rangi. Mwenye kukuuzia tiba ya jambo hili anakuibia.

Niliyomwambia baada ya hapo ni haya. Jeshi si kazi moja. Urubani, ubaharia, ufundi wa umeme, huko rangi zinadaiwa sana. Ziko kazi nyingine ambazo majeshi mbalimbali duniani huwapokea watu wenye macho kama yetu, kwa madaraja. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wa namna yetu walibaini maumbo yaliyofichwa ndani ya mchanganyiko wa rangi, ambayo wenye macho ya kawaida hawakuyabaini. Mungu hakutuacha mikono mitupu. Lakini uamuzi ni wa wenye jeshi lao. Nenda, kimbia, soma chati, na kitabu kikifunuliwa sema unachokiona. Wakikuweka kando, uliza kwa adabu: afande, ni kipimo gani? Ukishindwa kuuliza, wewe tayari unajua. Hakuna mtu atakayekuambia ni damu.

Aliposikia neno damu aliniangalia. Mama yake akamsimulia, pale pale chumbani, yote. Hakuwahi kuyasikia.

Jumamosi ile niliwarudisha Tarime mwenyewe, kitabu kikiwa begini. Mama yangu sasa ana miaka inayokaribia 80. Nilikuwa nimemwambia zamani kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba ni macho, naye aliitikia kama mama anavyomwitikia mwanawe anayejitetea. Safari hii tulimweleza kwa utaratibu, mimi na dada, juu ya mkeka, habari ya X na ya kaka zake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ni mimi niliyekupa," akasema. Nikamwambia na yeye alipewa. Akafikiri. Kisha akamwita mjukuu wake akamtuma kwa jirani, yule wa kisimani, ambaye naye ni bibi kizee sasa na anatembelea fimbo. "Mwambie namwita. Aje sasa hivi."

Alikuja. Akapewa kiti na uji. Mama hakuzunguka, aliniambia nifungue kile kitabu. Bibi akasema haoni vya karibu, nikamvisha miwani ya kusomea, nambari mbili na nusu, nikageuza kiti chake kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Nikainua ukurasa wa pili.

"Nane," akasema bibi.

Mama akanigeukia. "Na wewe, mwanangu?"

"Tatu, mama."

Akamtazama mjukuu wake aliyesimama mlangoni.

"Tatu, bibi," akasema kijana.

Jirani akavua miwani, akaishika mkononi, akaangalia ukurasa ule kwa muda, kisha akamwangalia mama.